Pete ya Atomi Sita

Kila mjane alipewa kichupa cha harufu ya marehemu wake, na sheria ilitaka molekuli yake iwe pete ya atomi tatu. Pete hiyo imekunjwa kwa nguvu, haitulii. Ikifika arobaini hukatika yenyewe, harufu ikapotea, mjane akarudi kuishi.

Mwanasiti hakutaka kumpoteza Shekue, marehemu mumewe, mshona nguo. "Bi Nargis, nifungie ya atomi sita," alimsihi mtengeneza harufu.

"Mwanangu, ya atomi sita hukaa kama mtu aliyejiegemeza kitini. Haiondoki."

"Ndiyo ninayoitaka."

Akaipaka kwenye mto, kwenye kanga, hata kwenye nywele zake.

Miaka minne baadaye aliolewa na Mbaruku, mtu mpole, aliyefua mapazia mara saba bila kuuliza kitu. Walihama hata nyumba. Wapi!

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja kumwona. Akampakata, akainama amnuse utosi, akaganda. Utosi ule ulitoa harufu ya mafuta ya cherehani.

"Mbaruku," akaita polepole, "hebu njoo umnuse mwanao."

"Mwache alale, mama," Mwanasiti akadakia.

Mbaruku hakuinuka. Aliendelea kutazama dirishani.

"Nilishamnusa, mama," akasema. "Siku ileile ya kwanza."