Kompyuta ya Meneja

Picha ilitokea kwenye skrini, ikakaa kufumba na kufumbua, kisha pwi! Giza. Halafu ikarudi palepale pa kuandika neno la siri.

"Ndivyo inavyonifanyia tangu niweke mfumo mpya," alisema Meneja. "Ukiingia tu, inakutupa nje."

Fundi aliinamia skrini ili furaha yake isionekane usoni. Mtu huyu! Mtu huyu ndiye aliyesimama mbele ya wafanyakazi wote, wiki ya harusi ya Fundi, akamwita mwizi. Kompyuta mpya zilikuwa zimetoweka stoo, na ufunguo alikuwa nao Fundi. Alilia, akaomba zitazamwe kamera za stoo. Meneja akasema kamera zilikuwa mbovu. Basi. Kazi ikaota mbawa, baba mkwe akasikia, posa ikarudishwa. Mchumba hapokei simu yake mpaka leo. Sasa Fundi amejibana kwenye kona ya duka la dada yake, kati ya mashine ya fotokopi na ukuta, anatengeneza vya watu.

Na leo Meneja huyohuyo kaja mwenyewe, kompyuta kwapani, mpole kama maji ya mtungini.

"Yaliyopita si ndwele, mdogo wangu," alisema. Kisha akainama, akanong'ona: "Humo mna harusi ya binti yangu. Video zote. Sina kwingine nilikoziweka." Halafu akapaza sauti mpaka wateja wa fotokopi wakageuka: "Fanya ufanyavyo, lakini mafaili yangu yasiguswe! Dada, umenisikia?"

Dada alisikia. Meneja alipotoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje, dada alimvuta mdogo wake sikio.

"Mji mzima umejaa mafundi. Kwa nini aje kwako?"

"Mungu si Athumani, dada."

"Mrudishie kitu chake aende zake."

"Nimrudishie? Siku hii nimeingoja kama mgonjwa anavyongoja kuche!"

Dada aliguna, akarudi kwenye mashine yake.

Fundi alifungua ule ukurasa mweusi wa maandishi matupu, akatengeneza jina jipya la mtumiaji, akaingia nalo. Skrini ikafunguka, ikatulia tuli. Loo! Kumbe mfumo mzima wa afya. Meneja aliuweka mpya bila kuondoa mipangilio ya ule wa zamani, basi kila akiingia kwa jina lake, mpya unasoma ya zamani, unapaliwa, unaanguka. Ilitakiwa kuisogeza folda moja tu pembeni. Chai isingepoa kabla ya kazi kuisha.

Na mafaili? Yapo, hayana hata mkwaruzo. Video nzito nzito, majina yake ni tarehe tu, moja baada ya nyingine. Fundi alisonya. Wenye nafasi zao bwana, harusi moja wanasherehekea mwezi mzima! Hakufungua hata moja. Angeitazamaje harusi ya watu, na yake ilikufa ikiwa changa?

Akaanza kufuta. Si kule kufuta kwa kutupa pipani, mtu akaja akaokota. Alifuta, kisha akajaza sifuri juu yake, diski nzima, kama mtu anayepiga deki nyumba iliyofiwa. Kila asilimia iliyopanda ilimkata kiu.

"Harusi kwa harusi," alinong'ona. "Onja na wewe."

Kazi hiyo ilikula mchana wote. Jua lilivuka barabara, wateja wakaja wakaondoka. Meneja hakulalamika, wala hakuingia kuuliza kumefikia wapi. Alisoma gazeti lake taratibu.

Diski ilipokuwa tupu, Fundi aliweka mfumo upya. Safari hii skrini ilifunguka vizuri, safi, haina kitu. Akavaa uso wa msibani, akamwita Meneja ndani.

"Pole sana, mzee. Diski ilikuwa imeoza. Nimeokoa mashine tu, mafaili yamekwenda na maji."

Meneja alimkazia macho. "Yote?"

"Yote."

"Hata wataalamu wakubwa hawawezi kuyarudisha?"

"Waje na malaika, mzee. Hawapati hata moja."

Ndiyo hii! Fundi alikunja mikono kifuani, akasubiri machozi.

Meneja alitoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, na sauti yake ikawa ya mtu aliyevunjika moyo kabisa.

"Afande, zile rekodi za kamera za stoo mlizoziagiza, nimechelewa. Nilipeleka kompyuta ikatengenezwe, fundi amezifuta zote, na nilimkataza mbele za watu. Ndiyo, afande, ni yuleyule kijana tuliyemfukuza."