Debe la Kura Juu ya Mwamba

Kicheche alitawala bonde kwa miaka mingi, na kila uchaguzi kura zilipigwa na kuhesabiwa pangoni kwake, juu ya mwamba. Safari hii Pimbi, aliyegombea dhidi yake, alimwambia mbele ya wanyama wote, "Mzee, kura zihesabiwe hadharani."

"Sawa," Kicheche akajibu. "Tutazihesabia nje, papo hapo mwambani."

Wanyama walishangilia, lakini Pimbi aliingiwa na shaka. Kicheche hakuwahi kukubali jambo upesi hivyo. Akamwendea Kobe, akamuuliza angempigia nani kura.

"Sijawahi kupiga kura," Kobe akasema. "Miguu hii haipandi mwamba, na Fuko haoni njia. Ninyi mnaopanda hamkuwahi kutuuliza."

Pimbi aliona aibu. Siku ya uchaguzi, ukoo wake wote ulikaa chini ukakataa kupanda, mpaka Kicheche akalazimika kulishusha debe. Kobe na Fuko wakapiga kura, zikahesabiwa mbele ya wote, na Pimbi akashinda.

"Asanteni," Pimbi akasema. "Sasa debe nitalitunza nyumbani kwangu."

Kobe akasimama kati yake na debe.

"Tunakupenda, mwanangu," akasema, "lakini kwako halilali."