Ishara ya Alfajiri

Kila alfajiri kisanduku cha ukutani kilituma ishara kwenye vibandiko vya shingoni vya watu wote wa nyumba, hata watoto. Ishara iliamsha tezi, tezi ikauwasha mwili, watu wakaenda kuchuma chai bila kujua uchovu. Sekela alibandika kibandiko cha pili juu ya kile cha kwanza.

"Mama Lusajo, unajizidishia tena?" mumewe aliuliza.

"Najizidishia. Ishara ikipita kiasi, seli za tezi huzima jeni inayotengeneza vipokezi vyake. Zitaacha kuisikia, nami nitalala."

"Wasimamizi wa shamba watakuja."

"Waje wanikute nimelala."

Wiki nzima hakulegeza msimamo. Siku ya saba ishara ilikuja, mwili ukanyamaza. Alihisi baridi ya Tukuyu kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akajivutia blanketi, akatabasamu.

Kisanduku kilipoona moyo wake haupigi kwa kasi, kiliongeza ishara ya nyumba nzima.

Katika chumba cha pili, Lusajo, mwanawe wa miaka mitano, alishuka kitandani. Jikoni sufuria zikaanza kusuguliwa, mbio mbio, bila kupumzika. Sekela alitaka kuinuka amzuie. Mwili haukuwa na haraka.