Pahali pa Redio

"Rudisha," alisema Badawy, na redio ya kwanza ikaingia tena kwenye boksi kabla haijaonja waya.

Yeye na Harun walikuwa kwenye maegesho ya jengo moja la ghorofa huko Columbia Heights, mbele ya Mercedes ya mwaka sabini na tisa, rangi ya chai ya maziwa. Walipokutana walipeana mkono na "habari" kavu. Shikamoo hakuna aliyeitoa. Minnesota imewasahaulisha wengi adabu.

Harun alitaka kumwoa Saadia, na Saadia mwenyewe alishakubali. Lakini alisema haolewi Badawy akiwa amenuna. Naye Badawy, baada ya kubembelezwa sana, akatoa sharti moja la ajabu: Harun atafute redio ya kulifaa gari hili. Akikosea, posa yake arudi nayo alikotoka.

"Screen yote hii ya nini?" Badawy hakuwa amemaliza. "Hii ni gari ama sebule?"

"Nilidhani utapenda kamera ya ku-reverse, Bwana Badawy."

"Shingo ninayo."

Harun akatoa nyingine. Hii ilitengenezwa juzi tu, ila ilivalishwa vifundo vinavyong'aa ili ifanane na za zamani. Alikuwa amezunguka mtaa mzima wa Frogtown kuitafuta na aliionea fahari. Badawy aliigonga kwa ukucha, ikalia plastiki tupu.

"Inajifanya ndiyo ile," alisema. "Na si ile."

Ile yenyewe, iliyokuja na gari, ilikuwa bado kwenye dashibodi, imekufa, kaseti ya taarab imekwama mdomoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Juu, pazia likatikisika. Saadia alikuwa akichungulia, mkono kauweka mdomoni. Harun aliogopa kweli sasa. Alimtaka yule mwanamke kuliko alivyowahi kutaka kitu katika nchi hii, na boksini imebaki redio moja tu, tena ya bei ndogo.

Akaingia garini, magoti yakilia kwa baridi, akashika bisibisi. Badawy akamdaka mkono.

"Wang'oa nini?"

"Sing'oi kitu."

Harun alivaa miwani, akafungua kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akapachika humo kiredio kidogo kisicho na uso wala vifundo, cha kuongozwa kwa simu. Akaunganisha nyaya. Muziki ukatoka taratibu kwenye spika zile zile kuukuu.

"Ile na ikae pahali pake," alisema. "Hii itakaa huku kando. Ukiitaka, ipo. Usipoitaka, hutaiona."

"Na kaseti?"

"Kaseti si yangu."

Badawy alipitisha kidole juu ya redio iliyokufa, akafuta vumbi ambalo halikuwepo. Machozi yalimlengalenga, akausingizia upepo. Kisha akatoka nje, akapaza sauti kuelekea dirishani.

"Mama, vaa koti uteremke. Redio ya marehemu baba iko pale pale."

Halafu akamgeukia Harun, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."