Kisu Kisicho na Nukta

"Haki ya Mungu, Daimu mwanangu, haya ni kweli tupu. Nikidanganya, radi ya Matogoro inichague mimi, iwaache kuku wangu."

Mzee Kajetani aliapa akiwa amesimama barazani, mbele ya majirani. Kukaa kulimshinda tangu asubuhi. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa milima ya Matogoro, naye kila mara alitupa jicho kwenye njia itokayo huko, kisha kwenye pikapu ya Daimu iliyosheheni bati. Nyumba yake ya Mshangano ilikosa paa tu, na mvua za Desemba zilishapiga hodi.

Daimu alikuwa mmoja wa wachuuzi walioletwa na ruksa, biashara ilipofunguliwa: leo redio, kesho baiskeli. Safari hii alitafuta visu vya kukunja vya Kimarekani, vya zamani, kwa ajili ya Mzungu mmoja wa Dar aliyevikusanya kama stempu. Kisu kimoja cha mwanzo, bati ishirini.

"Kiwanda kilianza na vichache," Kajetani aliendelea. "Kila kimoja walikijaribu kwa kunyoa ndevu za bosi. Bosi alipobaki kidevu kitupu, ndipo wakatengeneza maelfu, wakaanza kugonga nukta kando ya jina ili kuhesabu miaka. Hiki changu ni cha kabla ya nukta. Alinipa Mmarekani mpima barabara, siku nilipomvusha Ruvuma mgongoni, mamba wawili wakitusindikiza."

Daimu alicheka. "Ya nukta nilikusomea mwenyewe asubuhi kwenye karatasi ya Mzungu, mzee. Ya ndevu umeongeza. Lete nione."

"Hodi hapo barazani!"

Kajetani akakifumbata kisu. Thadei, mtani wake wa miaka mingi, alikuwa akija kwa njia ya Matogoro, jogoo kwapani.

"Mtani, unamlisha mgeni uongo gani leo? Hicho si kile ulichokikuta kwenye mfuko wa koti la mtumba?"

Kajetani akazitazama bati.

"Koti gani? Nimekaa nacho miaka ishirini na tano."

"Apa."

"Naapa!"

"Na hujawahi kuwa na kingine?"

"Sijawahi. Kikiwa cha mtumba, kichukue bure."

"Na kikiwa cha zamani," Thadei akasema taratibu, "jogoo huyu ni wako."

Daimu alikifungua. Ka! Kufuli la mgongoni mwa mpini likashika. Akapangusa penye jina, akakisogeza puani, akakigeuza. Tone la kwanza la mvua likagonga bati, na Kajetani akashtuka kama aliyepigwa yeye.

"Hakina nukta hata moja," Daimu akanong'ona. "Wallahi, hiki ni cha mwanzo kabisa!"

Barazani watu wakapiga makofi. Thadei hakubisha. Alimkabidhi Kajetani jogoo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anayetoa mahari. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu kingine, pacha wa kile: mpini mweusi, ncha za shaba.

"Na hiki nisomee, mwanangu."

Daimu akainamia. "Hiki kina alama zilizokuja baada ya nukta. Cha mwaka themanini na nane."

"Ndiyo. Tangu mimi na mtani tuchune ng'ombe wa harusi ya Beata wangu, visu vyetu tukivilaza kwenye jani moja la mgomba, nimekuwa nikishangaa jinsi changu kilivyorudi ujana." Akamnyooshea Kajetani kile kisu. "Jogoo ni halali yako, umeshinda. Shika na chako. Sasa nirudishie changu."

Mvua ikashuka. Mzee Kajetani alikichukua kisu kisicho na nukta mkononi mwa Daimu, akamrudishia Thadei, na bila kuambiwa akampa na jogoo.

"Ahsante, mtani," Thadei akasema akimpakata kuku wake. "Na siku ile nilipomvusha Mmarekani Ruvuma, mamba hawakuwapo."