Mbia Kutoka Dar

Leonia alikuwa ameshafungua kalamu ili atie sahihi, mgeni alipoomba kwanza anawe mikono.

Mgeni huyo, tajiri kutoka Dar es Salaam, alitaka ubia katika migahawa ya Leonia ya chipsi kuku. Leonia alianza na karai moja hapo hapo walipoketi, mtaani Mwanga, Kigoma mjini. Sasa alikuwa na mgahawa Ujiji na mwingine Ilagala.

"Kigoma ndiyo kwanza nafika leo, mama," mgeni alikuwa amemwambia. "Sijawahi kukanyaga huku."

Lakini hakuuliza maji yako wapi. Alipita nyuma ya jiko, akapapasa juu ya dirisha, akashusha kijiko kilichopinda na kulifungulia bomba lililovunjika mkono. Maji yakatoka.

Wafanyakazi wapya walikuwa wakihangaika sana na bomba lile mpaka waonyeshwe.

Leonia akamgeukia mumewe, ambaye ndiye aliyemleta mgeni. Alikuwa akizigeuzageuza chipsi zake bila kula, na jasho limemtoka juu ya mdomo.

Leonia akaifunga kalamu.

"Baba watoto," akamuuliza taratibu, "huyu umeshamleta hapa mara ngapi, mimi nikiwa Ujiji?"