Mgonjwa wa Sidonie

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao ni wazi hawakuwahi kupanda gari la shirika kwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kule mgeni akija, mwenyeji huugua. Tangu shirika moja la Mbarara litangaze kuwasaidia vijana wanaouguza watu wao nyumbani, kila gari lilipotimua vumbi, wanaume wenye misuli waliacha karata wakajitupa vitandani, wakikohoa kwa zamu.

Kwa hiyo Rashidah, mkaguzi wa shirika, aliingia kwa Sidonie uso ameshaukunja. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu: miezi sita ya kujifunza ushonaji mjini Mbarara, na mama wa kulipwa kumwangalia mgonjwa muda wote huo. Sidonie alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na tangu ana kumi na saba hakuwahi kulala usiku mzima. Mkaguzi wa kwanza, Edirisa, alimnyima. Alirudi ofisini akiapa kwamba nyumba ile haina mgonjwa, ina kelele.

"Mama yako iko wapi?" Rashidah akauliza.

Sidonie akaelekeza kidevu kwenye godoro. Palikuwa na mwanamke amefunikwa hadi shingoni, akiguna. Rashidah alipomgusa mguu, mguno ukapanda hadi kwenye mabati. Moyo wa mkaguzi ukalainika papo hapo.

Kilichomkera ni yule mwanamke mwingine. Amevaa kitenge kipya, midomo myekundu, kilemba kirefu kama cha bibi harusi, amejaa kwenye kiti pekee cha nyumba. Sidonie alisema ni jirani, Mama Yudita. Jirani gani asiyeinuka kumsalimu mgeni? Alinyoosha mkono kama askofu. Akamuuliza Rashidah mbona amekonda hivyo, au bwana wake ndiye anayemaliza sufuria. Akakicheka Kiswahili chake cha Uganda. Kisha akaanza kutuma: Sidonie, chai. Sidonie, funga dirisha. Sisimizi walipotambaa sakafuni, hata mguu wake mwenyewe hakuusogeza. Sidonie ndiye aliyeinama, akauinua kwa mikono miwili, akauweka kando taratibu.

Uvumilivu wa Rashidah ukakatika.

"Mama, huyu musichana iko na mugonjwa. Wewe jirani unamufanya boyi ya nini?"

"Alishazoea," yule mwanamke akajibu, akipuliza chai yake.

Rashidah akatia sahihi palepale, kwa hasira. Afadhali msichana aende Mbarara kabla jirani hajammaliza. Akamwambia afunge nguo zake, gari litamchukua Jumatatu. Sidonie alishika ukuta, kama mtu aliyetua mzigo ghafla.

Gari lilikuwa limeshaishika njia ya Isingiro Rashidah alipokumbuka mwavuli wake. Dereva akanung'unika, akageuza.

Uani, mgonjwa wa godoroni alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ulipanda na kushuka, na mwenyewe anaimba.

Rashidah alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, matusi ya Kiganda yamejipanga ulimini, akakutana uso kwa uso na Sidonie akitoka. Alikuwa amembeba yule jirani mgongoni, kilemba na yote, kuelekea chooni. Miguu ya mwanamke ilining'inia nyuma kama nguo mbichi kwenye kamba.

Mchi ukanyamaza.

"Mama anakataa bageni bamukute amelala," Sidonie akasema. "Bwana Edirisa alimukuta kwa ile kiti, anacheka, akasema tuko bazima. Toka mu mulango, Madame, ni muzito. Na pardon siombi."